Kuponda Raha: Je, Ni Njia Njema ya Kuishi?

Rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja jina, alilazwa hospitalini mwaka jana kwa sababu ya kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kidonda chenyewe kilianza kama mchezo. Msumari mdogo ulitokeza ndani ya kiatu chake, ukawa unamdunga kila alipopiga hatua. Alitembea nao tangu asubuhi, kutoka kituo cha matatu hadi kazini kwake Industrial Area, akashinda nao kutwa, akarudi nao nyumbani. Alipovua viatu jioni, mke wake ndiye aliyeona kwamba soksi ilikuwa imelowa damu.

"Baba Watoto, kwani hukuhisi kitu?" mama huyo alimwuliza.

Hakuwa amehisi lolote. Maradhi ya kisukari, ambayo hakujua kwamba anayo, yalikuwa yameharibu mishipa ya fahamu na kuua hisia miguuni mwake. Alipotoka hospitalini wiki tatu baadaye, kidole hicho hakikuwepo tena.

Nilipokwenda kumjulia hali nyumbani kwake mtaani Umoja, nilimkuta ameketi kwenye kochi, mguu umewekwa juu ya stuli, na mkononi ameshika karatasi aliyopewa na daktari. Alinisomea yaliyoandikwa humo kama mtu anayesoma hukumu ya korti. Pombe, aache. Sigara, aache. Soda, aache. Chipsi na nyama ya mafuta, apunguze sana. Alipomaliza aliikunja ile karatasi, akanitazama na kusema:

"Ndugu yangu, nimefanya kazi miaka ishirini na miwili. Sijamwibia mtu. Watoto nimewasomesha. Raha yangu ilikuwa hiyo tu, ya Ijumaa na Jumamosi. Sasa wakiniondolea na hiyo, nitakuwa naishi kwa sababu gani?"

Siku hiyo sikuwa na jibu. Nilikunywa chai, nikamwombea nafuu, nikaenda zangu. Lakini swali lake halikunitoka akilini, na ndilo tutakalolijadili leo. Je, kutafuta raha ni njia njema ya binadamu kuishi maisha yake? Na je, daktari anapokukataza kitu ukipendacho, huwa anakunyima maisha au anakurudishia?

Kambi mbili

Ukiwasikiliza watu mjini, utagundua kwamba wamegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya wale wanaoshikilia msemo wa "ponda mali kufa kwaja". Hawa watakuambia kuwa maisha ni mafupi, kwamba wapo waliojinyima wakafa mapema na wapo waliojiachilia wakazeeka. Mshahara ukiingia mwisho wa mwezi, baa za mtaani hujaa, majiko ya nyama choma hufuka moshi, na kufikia tarehe kumi ya mwezi unaofuata mtu huanza kukopa nauli.

Kambi ya pili ni ya wale wanaoiona raha kama adui. Kwao, kila kitamu kina sumu, na kila anayecheka sana atalia. Hawa hujisifu kwamba hawapumziki, hawali kwa kufurahia, wala hawajui likizo ni nini. Wengine wao huanguka ghafla kwa shinikizo la damu wakiwa bado na nguvu zao.

Kila kambi ina ukweli wake, na kila kambi ina walakini. Wala mjadala huu si mgeni. Watu wamekuwa wakibishana kuhusu raha kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na yule ambaye jina lake hutajwa zaidi katika mabishano hayo ni mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aitwaye Epicurus.

Mwalimu wa raha aliyekula mkate mkavu

Epicurus alizaliwa mwaka 341 Kabla ya Kristo katika kisiwa cha Samos. Akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano hivi alifungua shule yake mjini Athens, ndani ya bustani, na wafuasi wake wakajulikana kama watu wa Bustani. Jambo lililowashangaza wengi wakati huo ni kwamba aliwapokea wanawake na hata watumwa.

Mafundisho yake yalikuwa ya waziwazi: raha ndiyo mwanzo na mwisho wa maisha mema. Kwa sababu hiyo maadui zake walimzushia kila aina ya uchafu. Walidai kwamba Bustani ilikuwa danguro la walafi na walevi. Hadi leo, katika lugha za Ulaya, jina lake hutumiwa kumwelezea mtu anayependa vyakula na vinywaji vya anasa.

Lakini hebu tazama jinsi mzee huyo alivyoishi. Chakula chake cha kawaida kilikuwa mkate na maji. Wakati mmoja alimwandikia rafiki yake barua akimwomba amtumie kibuyu kidogo cha jibini, ili siku atakapotaka kufanya karamu aweze kuifanya. Huyo ndiye mtu anayesemekana kuwa baba wa ulafi!

Epicurus aligawanya tamaa za binadamu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mahitaji ya asili ambayo hatuwezi kuishi bila kuyatimiza, kama vile chakula, maji, makao na marafiki. Fungu la pili ni la mambo ya asili lakini yasiyo ya lazima, mathalan vyakula vya gharama kubwa. Fungu la tatu ni la tamaa zisizo za asili wala za lazima, kama vile umaarufu na utajiri usio na kikomo. Alisema kwamba fungu la kwanza hutoshelezwa kwa urahisi, ilhali fungu la tatu halitosheki kamwe, kwa kuwa halina mpaka.

Kwake yeye raha kuu haikuwa kulewa bali ni mwili usio na maumivu na akili isiyo na wasiwasi. Alifariki mwaka 270 Kabla ya Kristo kutokana na maradhi ya mawe kwenye njia ya mkojo. Katika siku zake za mwisho, akiwa katika maumivu makali, alimwandikia rafiki yake kwamba furaha ya kuyakumbuka mazungumzo yao ya zamani ilikuwa inayazidi maumivu hayo.

Yamkini utasema, msomaji, kwamba hayo ni maneno ya Wagiriki wa kale ambao hawakujua habari za bia baridi wala simu za mkononi. Basi tuyaache kwa muda, tuone wanasayansi wa siku hizi wanasema nini kuhusu ubongo.

Panya na swichi

Mnamo mwaka 1954 watafiti wawili katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, James Olds na Peter Milner, walipachika nyaya nyembamba ndani ya ubongo wa panya. Kila panya alipobonyeza kijiti, umeme kidogo ulipita katika sehemu fulani ya ubongo wake. Panya hao walibonyeza, wakabonyeza tena. Katika majaribio yaliyofuata, baadhi yao walikibonyeza zaidi ya mara elfu moja kwa saa. Wengine waliacha chakula kilichokuwa kando yao na kuendelea kubonyeza hadi wakakonda kabisa.

Watu wengi walisema kwamba sasa kituo cha raha kimepatikana. Kemikali inayofanya kazi katika njia hizo za ubongo, iitwayo dopamini, ikapewa jina la kemikali ya raha. Hata leo utasikia ikiitwa hivyo redioni.

Hata hivyo, mambo hayakuwa rahisi kiasi hicho. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, Kent Berridge, pamoja na wenzake, waliwachukua panya wakawaondolea karibu dopamini yote katika ubongo. Panya hao hawakutaka tena kula. Wangeweza kufa njaa huku chakula kiko mbele yao. Lakini watafiti walipowatilia maji ya sukari mdomoni, panya walijilamba midomo kwa utamu sawa na panya wengine wowote.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kutaka kitu na kukifurahia si jambo moja. Dopamini ndiyo inayosukuma kutaka. Kufurahia kwenyewe hushughulikiwa na kemikali nyingine na sehemu nyingine ndogo za ubongo. Mambo hayo mawili kwa kawaida huandamana, lakini yanaweza kutengana. Mtu anaweza kukitaka kitu kwa nguvu zake zote ilhali hakifurahii tena.

Ushahidi mwingine hutokana na wagonjwa wa Parkinson, maradhi ambayo humfanya mtu atetemeke na mwili wake ukakamae kwa sababu ya upungufu wa dopamini. Baadhi ya dawa wanazopewa huiga kazi ya dopamini. Madaktari waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa waliotumia dawa hizo, watu wazima wenye heshima zao ambao hawakuwa wamewahi kucheza kamari, walianza kucheza bila kujizuia. Wengine walinunua vitu wasivyovihitaji. Dawa ilipopunguzwa au kubadilishwa, mara nyingi tamaa hiyo nayo ilipungua.

Aidha, Wolfram Schultz, aliyekuwa akifanya utafiti wake nchini Uswisi, aliwachunguza nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda baada ya taa kuwashwa. Mwanzoni chembe za dopamini zilisisimka nyani alipopata maji. Baada ya kuzoea, zilisisimka taa ilipowaka, na maji yenyewe yalipofika hazikushtuka tena.

Sasa fikiria Ijumaa alasiri ofisini au kiwandani. Saa tisa mtu huanza kutabasamu. Saa kumi anapigia wenzake simu. Saa kumi na moja anaona barabara ya kwenda baa ni ndefu. Chupa ya kwanza huwa na utamu, ya pili pia. Lakini je, ya sita? Ukimwuliza kwa haki, atakuambia kwamba utamu mwingi ulikuwa njiani, kabla hajafika.

Hisia zinapokufa

Kuna jambo lingine ambalo kila mtumiaji wa kileo, sigara au miraa amelishuhudia mwenyewe. Kiasi kilichomtosha mwaka wa kwanza hakimtoshi mwaka wa tatu. Sababu yake ni kwamba ubongo hupenda usawa. Ukiusisimua kupita kiasi mara kwa mara, wenyewe hupunguza uwezo wake wa kusisimka. Uchunguzi wa picha za ubongo umeonyesha kwamba watu wenye uraibu huwa na vipokezi vichache zaidi vya dopamini katika sehemu fulani za ubongo kuliko watu wengine.

Matokeo yake huwa ni hasara mara mbili. Kwanza, kile kitu hakimpi tena mtu raha ile ya zamani. Pili, na hili ndilo baya zaidi, vitu vidogo vidogo vilivyokuwa vikimfurahisha navyo hupoteza ladha. Mtoto akimkimbilia mlangoni, hasikii kitu. Chakula cha nyumbani anakiona hakina ladha. Mazungumzo na mkewe yanamchosha. Anarudi baa, si kwa sababu anapata raha huko, bali kwa sababu asipokwenda anajisikia vibaya.

Ndiyo maana kila ninapokumbuka kile kiatu chenye msumari, naona kwamba masaibu ya rafiki yangu yanafanana na hali hii. Sukari nyingi katika damu iliua hisia za mguu. Msisimko mwingi nao hufifisha hisia za moyo. Ifahamike, hata hivyo, kwamba kisukari si adhabu ya kuponda raha. Yako maradhi ya kisukari ya kurithi, na wako watu wasioonja pombe wala soda ambao wanaugua. Lakini unene wa kupindukia, vyakula vya mafuta na vinywaji vya sukari, pamoja na kukaa bila mazoezi, huongeza hatari ya kupata aina ya pili ya kisukari, ambayo ndiyo inayowapata watu wengi zaidi.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) linapendekeza kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nguvu za chakula za siku nzima, yaani kama gramu 50, au vijiko 12 vya chai, kwa mtu mzima wa kawaida. Chupa moja ya soda ya nusu lita inaweza kuwa na kiasi hicho chote. Kuhusu pombe, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka miongoni mwa visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, na mnamo Januari 2023 WHO ilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa hakina hatari yoyote kwa afya. Ini ambalo limeumizwa na pombe kwa miaka mingi hujaa makovu na kuwa gumu, na makovu hayo aghalabu hayaondoki.

Baa hufungwa, simu haifungwi

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya waliipa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, Bw John Mututho, iliweka saa za baa kufunguliwa na kufungwa. Walevi walinung'unika, wengine wakaitungia mizaha. Lakini angalau sheria ilikubali jambo moja: raha inayouzwa inahitaji mpaka.

Leo raha nyingine inauzwa ambayo haina saa ya kufungwa. Tangu pesa zilipoanza kutumwa kwa simu mwaka 2007, na kampuni za kamari zikafuata katika mwongo uliofuata, kijana anaweza kupoteza karo ya muhula mzima akiwa kitandani, taa imezimwa, bila mtu kumwona. Kamari hutumia udhaifu ule ule wa ubongo tuliokwisha kuuona. Zawadi isiyotabirika humsukuma mtu zaidi kuliko zawadi ya hakika. Na kukosa kwa nukta moja, kwa mfano timu tisa zikashinda na ya kumi ikatoka sare, humchochea acheze tena badala ya kumkatisha tamaa.

Uraibu wa kamari ni ugonjwa unaotambuliwa rasmi, na umo katika orodha ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa hivyo, ukiwa na ndugu au mtoto aliyezama humo, matusi hayatamtoa. Anahitaji matibabu kama mgonjwa mwingine yeyote.

Raha si adui

Baada ya kusoma hayo yote, huenda ukadhani kwamba nimeingia katika kambi ya pili, ile ya wanaochukia raha. La hasha. Raha ina kazi mwilini. Utamu wa chakula hutufanya tule. Utamu wa usingizi hutufanya tupumzike. Furaha ya kuwa pamoja hutufanya tuoe, tulee na tusaidiane. Mtu asiyefurahia kitu chochote si mtakatifu, ni mgonjwa. Kwa hakika, madaktari wanapochunguza kama mtu ana ugonjwa wa sonona, moja ya dalili kuu mbili wanazoziangalia ni kupoteza furaha katika mambo aliyokuwa akiyapenda. Hali hiyo ikidumu kwa wiki mbili au zaidi, haifai kuitwa uvivu au maringo. Mtu huyo amwone daktari.

Wala si haki kumhukumu mtu wa kipato cha chini anayetafuta kitulizo. Kibarua aliyebeba magunia tangu alfajiri, anayelala katika chumba kimoja na watu sita, hana bustani kama ya Epicurus. Kitu kilicho karibu naye ni kile kinachouzwa kwa bei ndogo pale kona. Anayetaka kumwondolea kileo chake bila kumpa mahali pa kupumzika, kiwanja cha kucheza na watu wa kuzungumza nao, amemwambia nusu ya ukweli tu.

Basi ni raha gani inayodumu? Mnamo mwaka 1978 watafiti nchini Marekani waliwahoji watu 22 walioshinda pesa nyingi katika bahati nasibu ya jimbo la Illinois, wakawalinganisha na watu wengine 22. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa kuwazidi wenzao. Isitoshe, walipata raha ndogo zaidi katika mambo ya kawaida kama vile kuzungumza na rafiki au kula kiamshakinywa. Utafiti huo ulikuwa mdogo, lakini unatukumbusha kwamba binadamu huzoea upesi.

Utafiti mwingine, ulioanza mwaka 1938 katika Chuo Kikuu cha Harvard na ungali unaendelea, umefuatilia maisha ya mamia ya wanaume tangu ujanani hadi uzeeni, na baadaye familia zao. Walikuwemo wanafunzi wa chuo hicho na vijana wa mitaa maskini ya Boston. Kilichotabiri afya yao ya uzeeni kwa nguvu kilikuwa uhusiano mwema na watu. Waliokuwa wameridhika zaidi na uhusiano wao wakiwa na miaka hamsini ndio waliokuwa na afya bora walipofika themanini. Kumbe yule mzee wa mkate mkavu, aliyeweka urafiki mbele ya mvinyo, hakuwa amepotea.

Jipime mwenyewe

Ikiwa unataka kujua kama raha yako inakujenga au inakubomoa, jiulize maswali haya matano na ujijibu kwa haki.

1. Je, kiasi kinachonitosha leo ni kile kile kilichonitosha mwaka jana, au kimeongezeka?

2. Je, ninapokipata kitu hiki, bado nakifurahia, au naondoa tu kiu na wasiwasi?

3. Asubuhi inayofuata, je, nafurahi kukumbuka nilichofanya?

4. Ni nani anayelipa? Je, ni mimi, au ni karo ya mtoto, chakula cha nyumbani na afya yangu ya miaka ijayo?

5. Je, naweza kukaa wiki mbili bila kitu hiki na nisione taabu?

Ukiona majibu yako ya maswali mawili au matatu hayapendezi, usiapishwe kwamba utaacha kila kitu Jumatatu. Anza kwa kupunguza. Weka siku ambazo hutagusa kileo. Badala ya soda, kunywa maji, na sukari ya chai uipunguze nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi huzoea, na baada ya muda utaona kwamba chai ya zamani ilikuwa tamu mno. Futa programu ya kamari katika simu na umwombe mtu unayemwamini akushikie pesa kwa muda. Tembea angalau dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki. Wakazi wa Nairobi wana msitu wa Karura na Arboretum, na wa Mombasa wana ufuo wa bahari.

Muhimu zaidi, usiondoe raha moja bila kuweka nyingine mahali pake. Mtu anayeacha baa na kuketi nyumbani akitazama ukuta atarudi baa. Tafuta kwaya, timu ya mtaa, chama, shamba dogo la mboga, au baraza la wazee wanaocheza drafti.

Tahadhari: mtu ambaye amekuwa akinywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asiiache ghafla peke yake. Anaweza kupatwa na mitetemeko, degedege na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo inaweza kumuua. Aende hospitalini ili aachishwe chini ya uangalizi wa daktari. Naye mwenye kisukari azichunguze nyayo zake kila siku, asitembee miguu mitupu, na akung'ute viatu kabla ya kuvivaa.

Jibu la rafiki yangu

Nilirudi kumtembelea miezi minane baadaye. Nilimkuta nje ya nyumba, chini ya kivuli cha duka la jirani, akicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Alikuwa amepungua uzani. Alinishinda mara tatu mfululizo na kunicheka mbele ya watu.

Nilimwuliza kama bado anaikosa bia. Alisema kwamba anaikosa, hasa Ijumaa jua linapotua, na kwamba mara mbili amekwisha kuanguka na kunywa. Hakunificha. Lakini akaniambia pia kwamba siku moja alikula embe, nusu tu kama alivyoelekezwa kliniki, akaketi kimya kwa muda kwa sababu ya utamu wake. Alikuwa amesahau kwamba embe lina utamu kiasi hicho.

Kila jioni kabla ya kulala, mke wake huleta tochi, akamwinua miguu mmoja baada ya mwingine na kuzikagua nyayo, maana yeye mwenyewe hawezi kuhisi kama amejikata. Shughuli hiyo huchukua muda mfupi, lakini wao huimaliza baada ya nusu saa, kwa sababu humo ndimo wanamozungumza habari za siku nzima. Alisema kwamba katika miaka yote ya Ijumaa na Jumamosi zake, hawakuwa wamewahi kuzungumza hivyo.

Basi, msomaji, kwa swali tuliloanza nalo, jibu langu ni hili. Raha ni jambo jema, na maisha yasiyo na raha si maisha mema. Lakini kuifukuza raha kila kukicha ndiyo njia ya hakika ya kuipoteza, kwa kuwa anayeikimbilia sana hufika akiwa hana tena hisia za kuionja. Mwisho wa wiki hii, kabla hujatoka nyumbani, jiulize kwanza: je, hiki ninachokwenda kukitafuta bado nakifurahia, au nakitaka tu?